Ardhi Iliyodhaniwa Tupu

Bilan alizoea kuamka kabla ya adhana ya alfajiri ili awahi choo. Nyumba waliyopanga katika mji wa Harogab ilikuwa na vyumba vingi na choo kimoja tu. Akichelewa, alipanga foleni na wapangaji wengine, birika la maji mkononi, huku watoto wake wakilia.

Baada ya hapo alipika mikate ya anjera na chai. Watoto walikwenda chuoni kusoma Kurani. Mume wake, Rage, alikwenda sokoni kuuza kamba na madumu ya maji.

Siku moja, mwaka wa 1996, Rage alirudi nyumbani akicheka.

"Bilan, tumepata ploti! Baraza la mji linagawa ardhi upande wa kaskazini, nyuma ya machinjio."

"Tutakuwa na choo chetu?" Bilan aliuliza.

"Choo chetu na nyumba yetu, inshallah."

Baraza la mji lilikuwa limeleta tingatinga. Tingatinga lilikuwa limeng'oa vichaka vya miiba, likasukuma mawe kando na kusawazisha ardhi. Kila mwenye ploti alionyeshwa pembe zake. Rage akajenga msingi wa mawe. Kisha akamwajiri kijana mmoja, Abdow, achimbe shimo la choo.

Abdow alichimba mpaka shimo likamfika kifuani. Akamwita Bilan.

"Dada, hebu tazama. Nimepata kipande cha gunia. Na kuna mifupa midogo."

Bilan alichungulia. Gunia lilikuwa limeoza, lakini maandishi yake ya buluu yalionekana kidogo. Lilikuwa gunia la mahindi ya msaada. Alitaka kumwambia Abdow atoke shimoni. Lakini aliikumbuka ile foleni ya alfajiri.

"Machinjio yako karibu," alisema. "Hiyo ni mifupa ya mbuzi. Wewe chimba tu."

Abdow alimtazama kidogo. Kisha akaendelea kuchimba, na udongo wote akautupa pembeni.

Kiangazi kilipofika, wafugaji walirudi na ngamia wao kutoka malishoni. Asubuhi moja Bilan alikuwa akimwagilia maji ukuta mpya. Alimwona mama mmoja mwembamba amesimama kando ya msingi, akizungusha macho huku na huku.

"Assalamu aleikum, walaal, dada yangu," Bilan alimsalimu. "Unamtafuta nani?"

"Wa aleikum salaam. Naitwa Abshiro. Natafuta mawe yangu."

"Mawe gani?"

"Mwaka wa ule ukame mkubwa tulikuja hapa kupokea chakula cha msaada. Tulichelewa. Mwanangu Hamse alikufa, naye alikuwa mdogo, hata ngamia hajajua kufunga. Nilimzika hapa. Niliweka mawe kichwani na miguuni, nikazungushia miiba fisi wasimfukue."

Bilan aliweka ndoo chini.

"Walizikwa watu wengi," Abshiro aliendelea. "Sanda zilituishia. Watoto tuliwazika kwa magunia ya mahindi. Sasa naona nyumba. Mawe yangu mmeyapeleka wapi?"

Bilan aligeuka kutazama shimo la choo.

Rage aliporudi kutoka sokoni, Bilan alimweleza maneno ya Abshiro. Habari ya gunia hakuitaja.

"Sikuiba ardhi ya mtu," Rage alisema kwa hasira. "Nimepewa na baraza la mji."

"Sisemi umeiba. Nasema tumejenga juu ya watoto wa watu."

Habari zilienea upesi. Wanaume wa ukoo wa Abshiro walikuja na fimbo. Wenye ploti nao walitoka na marungu. Chifu alikimbia akasimama katikati yao.

"Rudini nyuma!" alipiga kelele. "Mnataka kuongeza makaburi mengine?"

Siku hiyo hakuna aliyepigwa, lakini ujenzi ulisimama. Chifu akamwita Guleid, afisa wa mipango ya ardhi kutoka Garissa. Guleid aliitisha mkutano palepale kwenye ploti. Aliwaita pia karani wa baraza la mji na karani wa baraza la kaunti.

"Kwa nini mligawa makaburi?" Guleid alimwuliza karani wa mji.

"Sisi tuliona pori tupu. Mji umejaa, na watu wanataka nyumba."

Karani wa kaunti akadakia, "Kuanzia lile korongo pale, ardhi ni ya kaunti! Wazee walituambia zamani kuna makaburi hapa, na njia ya ngamia. Lakini mji haukutuuliza."

"Na ninyi mlipoona tingatinga, mlisema nini?"

Karani wa kaunti alitazama chini. "Tulisema hayo ni mambo ya mji."

Guleid aliwageukia watu wote.

"Ndugu zangu, mji unakua. Ukikua, unavuka mpaka na kuingia ardhi ya kaunti. Ngamia nao wanavuka kuja kwenye maji ya mji. Ndiyo maana mabaraza haya mawili lazima yakae pamoja kabla ya kugawa ardhi ya pembeni. Yakubaliane: hapa ni nyumba, hapa ni njia ya mifugo, hapa ni makaburi, hapa ni machinjio. Huko ndiko kupanga matumizi ya ardhi. Na wafugaji waulizwe pia, hata wakiwa mbali. Mtu asipokuwepo, haimaanishi ardhi yake ni tupu."

"Na mtu kama mimi ningefanya nini?" Rage aliuliza.

"Ungekwenda kwa mabaraza yote mawili, uulize ardhi ni ya nani na imepangiwa kazi gani. Kisha ungewauliza wazee na wafugaji kilichokuwapo hapa zamani. Fanya hivyo kabla ya kuweka jiwe la kwanza."

"Nilidhani kupewa kunatosha," Rage alisema polepole.

Hapo Bilan alisimama.

"Abdow aliniita shimoni. Alinionyesha gunia na mifupa. Mimi nikamwambia ni mbuzi, achimbe tu."

Abshiro alimkazia macho.

"Ulijua?"

"Sikutaka kujua," Bilan alisema.

Abshiro alijifunika uso kwa shali yake, akaondoka mkutanoni. Hakuna aliyemfuata.

Sheikh wa msikiti aliwaelekeza la kufanya. Bilan na Abdow waliupekua ule udongo wa shimo la choo kwa mikono yao. Mifupa waliyoipata ilikuwa michache. Ilifungwa kwa kitambaa cheupe, ikazikwa tena. Ilikuwa ya mtoto, lakini mtoto wa nani, hakuna aliyeweza kusema. Rage mwenyewe aliubomoa ukuta na msingi wake, akalifukia shimo.

Mabaraza mawili yaliunda kamati moja. Wanakamati waliizunguka ardhi yote kwa miguu pamoja na wazee na wafugaji. Makaburi yalizungushiwa ua. Njia pana iliachwa kwa ajili ya ngamia. Ploti zilihamishiwa upande wa magharibi, na ramani moja ikawekwa katika ofisi zote mbili, ili kila mtu aione.

Rage alipata ploti huko magharibi. Sasa familia ina nyumba na choo chake. Ngamia hupita kwenda kwenye maji, na fimbo ni za kuchungia tu. Lakini Bilan hulala kidogo. Mara nyingi humwambia Rage, "Laiti ningesema neno moja tu siku ile: simama."

Kiangazi kilichofuata mkutano ule, Abshiro alirudi. Bilan alimkuta makaburini, ameketi ndani ya ua.

"Nisamehe, walaal," Bilan alisema akiwa nje ya lango.

"Mungu ni mwingi wa msamaha," Abshiro alijibu. "Mimi bado najaribu."

Alitazama ile ardhi iliyosawazishwa, isiyokuwa na mawe.

"Sijui Hamse yuko upande gani. Kwa hiyo nawaombea wote."

Aliinua mikono akaanza dua. Bilan alibaki palepale, jua likimchoma. Baada ya muda, Abshiro aligeuka.

"Ingia basi," alisema. "Dua inataka mtu wa kuitikia."

Bilan alivua viatu vyake akaingia. Aliketi mbali kidogo, akainua mikono yake.

"Amin," alisema. "Amin."