Gauni Moja, Wanunuzi Tisa

Kaunta ya vifurushi ilikuwa imefurika, na kila mtu alikuwa na haraka kuliko mwenzake. Mshonaji alikuwa ameinama juu ya kaunta akinakili anwani saba, amevaa gauni la kijani alilolishona mwenyewe, na pini mbili alizozisahau zilikuwa bado kolani. Nyuma yake alisimama kaka mmoja mwenye shati lililonyooshwa vizuri na viatu vilivyojaa vumbi.

"Dada, hizo zote unaandika kwa mkono?"

"Kwani wewe huandika kwa mguu?"

Akacheka mpaka karani akainua kichwa. Kumbe kaka huyo alikuwa mtengeneza tovuti. Foleni ilipokwisha walikuwa wameshapeana namba, na kabla ya mwezi kuisha alikuwa hakosi chumbani kwa mshonaji kila alasiri, anakunywa chai na kusogeza majora ili apate pa kukaa.

"Mpenzi, duka la mtandaoni ni la namna tatu," alimweleza. "Kuna la kupanga, unalipia kila mwezi. Kuna la kujenga mwenyewe, likivuja unaziba mwenyewe. Na kuna meza kwenye soko kubwa, huku umezungukwa na wanaouza kama wewe."

"Nipangie basi. Muda wa kuziba sina."

"Niachie mimi."

Akamwachia. Mapenzi yakiwa mapya, mtu humwachia mwenzake hata funguo za kabati. Mshonaji alikuwa na mwiko mmoja tu: gauni moja halishonwi mara mbili. Miaka tisa wateja walimpendea hilo, na yule bwana mwenyewe aliliandika juu kabisa ya duka: *Halitavaliwa na mwingine.*

Duka likafunguliwa Jumatatu. Jumatano, mshonaji alimpigia simu.

"Lile gauni la bluu limenunuliwa na watu tisa!"

"Hongera, laazizi!"

"Hongera ya nini? Gauni ni moja! Limetundikwa hapa, linanitazama!"

Upande wa pili sauti ikawa ndogo. "Ile sehemu ya idadi... niliiacha tupu."

"Tupu maana yake nini?"

"Mtambo wa duka ukikuta tupu unaelewa kwamba bidhaa haiishi. Wateja wangu wote wana maboksi stoo, mpenzi. Sabuni, vikombe. Sijawahi kupata anayeuza kitu kimoja."

"Mimi nilikwambia mara ngapi?"

"Basi shona mengine nane. Nani atajua?"

Hilo ndilo lililomkata maini. Kosa la oda tisa angeweza kulisamehe. *Nani atajua* hakuweza. Akakata simu. Yule bwana alipiga tena mara kumi na nne, akatuma mioyo, akatuma samahani ndefu kama barua ya kuomba kazi. Hakujibiwa. Mshonaji alikuwa akisoma ujumbe wa mnunuzi mmoja: *Dada, naona limeuzwa mara tisa. Wewe nilikuamini.* Jina la miaka tisa linaharibiwa na kisanduku kitupu! Alilia kwa hasira, akaharibu pindo, akalifumua, akaliharibu tena.

Siku ya nne yule bwana akaja, sauti imekauka, daftari kwapani.

"Wa kwanza kununua ndiye wa kutumiwa hili la bluu. Wale wanane nimewapigia mmoja mmoja, nikawaambia kosa ni langu. Kuna aliyenitukana tusi ambalo sikujua lipo. Watatu nimewarudishia pesa zao. Watano watasubiri, ila kila mmoja anataka gauni lake peke yake."

Mshonaji akalinyakua daftari, tayari kukuta upuuzi. Akasoma: *Mikono mirefu. Ana kovu la moto, asiulizwe.* Akafunua ukurasa: *Hapendi vifungo mgongoni, anaishi peke yake, hakuna wa kumfungia.*

"Haya uliyauliza wewe?"

"Niliacha kusema, nikasikiliza. Nimechelewa kujifunza."

"Sana," akasema. Hasira ilikuwepo bado, lakini sasa ilikuwa imechanganyika na jambo jingine, na hilo lilimkera zaidi. "Kaa. Nipe neno la siri. Nabonyeza mimi, wewe unaeleza. Ukigusa hiyo kompyuta nakuchoma sindano."

Akamhoji mpaka jasho likamtoka: hapa ni nini, mteja akirudisha nguo inakuwaje, huyu anayekata asilimia ni nani. Mwisho yule bwana akakohoa.

"Kuna jambo moja sijalieleza."

"La malipo?"

"Nataka kukuoa."

Vidole vya mshonaji vikasimama. Wakati huohuo oda mpya ikaingia. Aliisoma yote, polepole, akahakikisha idadi, akathibitisha. Mteja ni mteja. Kisha akasema bila kugeuka:

"Mama anashinda nyumbani Jumapili. Uje mwenyewe, useme kwa mdomo wako. Usimtumie kiungo cha tovuti."