Baba Kijacho

"Hongera, mwanangu! Tua ndoo hiyo upesi, usije ukajiumiza!"

Mke wa fundi baiskeli alisimama mlangoni, maji yakimchuruzika shingoni. Alikuwa ametoka kuteka maji bondeni, kwa kuwa pampu ya kijiji ilikuwa imekufa na hapakuwa na wa kuifufua. Mama mkwe alikuwa ameshaketi ndani, furushi la nguo za kichanga mapajani.

"Shikamoo, mama. Hongera ya nini?"

"Marahaba. Unamficha nani? Mwenyekiti wa kamati ya maji kaniambia sokoni. Anasikitika huendi tena kusomea ufundi wa pampu, ila mimba ni mimba."

"Mimba ya nani?"

"Yako! Si mumeo kampigia simu?"

Mke alitua ndoo. Alichukua simu, akamwandikia mwenyekiti: "Gari linaondoka lini?"

Jibu halikukawia: "Kesho alfajiri. Ila wewe pumzika, mama kijacho. Jioni hii nafasi nampa mwingine. Mumeo alieleza kwa huruma hata nikatokwa na machozi."

Fundi aliingia akifuta grisi mikononi. Aliliona furushi, akamwona mama yake, kisha mkewe. Hakuna kilichompa matumaini.

"Karibu, baba kijacho," mkewe alisema.

"Unayo au huna?" mama mkwe alimuuliza mke.

"Sina, mama."

Bibi yule alianza kulifunga furushi lake. "Na shangazi zako wote nimeshawatangazia," alimwambia mwanawe.

"Sema sababu," mke alisema.

"Miezi mitatu mjini! Ukirudi fundi, wote watakuulizia wewe. Na usiporudi je? Niliogopa kukupoteza."

"Maneno hayo ungeniambia mimi. Mkeo ni mimi, si mwenyekiti."

"Piga simu," mama mkwe alimwamuru mwanawe. "Sauti juu, wote tusikie."

Alipiga.

"Mwenyekiti, ile mimba... haipo."

"Maskini! Imeharibika?"

"Hapana. Haikuwahi kuingia. Nilidanganya."

"Mwambie awe barabarani alfajiri," mwenyekiti alisema, akakata simu.

Kulipopambazuka, fundi alimbebea mkewe begi. Lilikuwa zito kuliko mke alivyolipanga. Mke alilifungua kando ya barabara, akakuta spana kubwa imeviringishwa kitambaani. Spana ambayo hata kaka wa fundi aliwahi kunyimwa.

"Ufundi bila spana ni maneno," mumewe alisema, macho yakiwa kwenye viatu vyake.

"Sijakusamehe."

"Najua."

"Ila nitarudi. Hilo nalo ulijue."

Wiki iliyofuata, mke akiwa kwenye karakana ya mafunzo, simu yake ilitoa mlio. Mumewe alikuwa ameandika: "Kumbe kilima cha kutoka bondeni na maji ni kirefu hivi? Mama anasema ndoo moja haitoshi."

Alisoma mara mbili, akafuta grisi vidoleni, akajibu:

"Pole, baba kijacho. Panda taratibu, usije ukajiumiza."