Mizani Iwe ya Mwisho

"Achia kuku wangu!"

Ndivyo Selina alivyomsalimu Derick, katikati ya mnada wa kuku mjini Singida. Yeye alishika mabawa, Derick alishika miguu, na jogoo mwekundu akawapigia kelele wote wawili.

"Dada, nimeshapatana na mwenye kuku."

"Mimi si dada yako. Achia!"

Derick aliachia. Alikuwa ameshapotea kwenye lile gauni la kitenge cha njano na macho makali ya mwenye gauni. Jumatatu wakakutana tena kwenye kiwanda cha mafuta ya alizeti. Selina ndiye aliyekuwa karani wa mizani ya malori, na Derick alikuwa fundi mpya wa kompyuta, bado yuko kwenye majaribio.

"Jogoo alikuwa mtamu?" Derick akauliza.

"Mgumu, kama kichwa chako."

Mapenzi yakaanzia hapo. Simu hazikuisha: umekula, mpenzi? Umelala, mpenzi? Mwishowe Selina akaweka sharti. "Kazini usije kuzubaa kwenye mizani yangu. Watu wanasema."

Derick alikasirika wiki nzima.

Wakati huo kompyuta zote ishirini za kiwanda zilitakiwa kuhamia mfumo mpya. Derick mwenyewe alibandika utaratibu kwenye ubao wa matangazo, akausaini: tunaanza na kompyuta ya stoo, tunasubiri wiki moja tuone kama kuna hitilafu, mizani iwe ya mwisho. Utaratibu mzuri kabisa. Mjinga huyu akauvunja mwenyewe. Jumatatu jioni, Selina alipoondoka, alianza na kompyuta ya mizani.

Asubuhi lori la kwanza likapanda mizani. Kompyuta ikasoma sifuri. La pili, sifuri. Malori ya alizeti kutoka Iramba yakajipanga mpaka barabarani, madereva wakapiga honi na kumtukana Selina. Meneja, mzee Ezekieli, alikuja amefura.

"Umebonyeza nini wewe?"

"Shikamoo mzee. Sijagusa kitu."

"Marahaba ya nini! Nenda nyumbani. Nikikuhitaji nitakuita."

Derick alikuwa amesimama mlangoni. Alisikia kila neno, akanyamaza. Mfumo wa zamani hubaki umehifadhiwa ndani ya kompyuta kwa siku kumi, kwa hiyo aliurudisha, na kabla ya saa nne mizani ilikuwa inasoma vizuri. Meneja akampa mkono. Selina alichukua mkoba wake akaondoka kwa miguu kwenda kwao Mwankoko, akilia njia nzima.

Jioni simu ikaita.

"Selina, mpenzi..."

"Mpenzi wa nani? Ubao nimeusoma. Mizani ilikuwa ya mwisho! Ulianza nayo ili nifukuzwe?"

"Hapana, nilitaka..."

Akakata. Akamfungia namba.

Siku ya tatu Derick aliingia kwa meneja akasema yote. Kufikia mchana alikuwa ameachishwa kazi, na Selina alikuwa ameitwa arudi kazini.

Derick, begi begani, alimkuta Selina kwenye lango la mizani.

"Kwa nini ulianza na yangu, Derick?"

"Ulinikataza kuja. Nikajua ukikuta mambo mapya kwenye kompyuta, utaniita nikuelekeze. Nilitaka uniite tu."

Selina alimtazama. Alimwamini, na hilo likamuuma zaidi.

"Hilo ningekusamehe hata leo. Lakini ulisimama mlangoni nikitukanwa."

"Niliogopa kupoteza kazi."

"Na mimi je, nilikuwa naogopa nini?"

Derick alishusha begi. "Nimekuja kukuomba tuanze upya. Nitakuja kwenu Mwankoko, nijitambulishe kwa wazazi wako."

"Usije."

Lori lilikuwa linasubiri. Selina alimwita dereva asogee, akasoma uzito, akaandika. Alipoinua kichwa, Derick alikuwa ameshavuka barabara. Bado alimpenda, na alijichukia kwa hilo.

Jioni alikwenda kwenye ubao, akabandua ule utaratibu wenye saini ya Derick, akaugandisha kwa gundi juu ya kompyuta yake. Fundi mwingine atakayekuja atausoma kwanza.