Mlango wa Chumba cha Saba

Mchana ule Rodion Savvich alishuka ndani ya nyambizi kuchukua saa ya shaba tu. Alikuwa ameitumikia nyambizi hiyo miaka ishirini na sita. Ilikuwa imezunguka chini ya barafu na makombora kumi na sita ambayo hayakurushwa hata siku moja. Sasa makombora yalishatolewa, mtambo wa nyuklia ulishazimwa, na wakataji vyuma walikuwa wakiichinja kipande kwa kipande.

"Umekuja kumuaga mkeo wa chuma, mzee?" alimtania Zakhar, mkataji, walipokuwa wakishuka pamoja. Alikuwa anamfuata kaka yake Foma, aliyekuwa akikata nyaya chumba cha saba. "Supu ya kabichi inapoa, na yule akishika kazi hasikii njaa."

Rodion hakucheka. Miaka tisa nyuma, moto uliwaka chumba hichohicho cha saba. Yeye ndiye aliyeng'ang'ania wenzo wa mlango kutoka chumba cha sita, huku Lyonka, ndugu wa mkewe, akigonga upande wa pili mpaka akafa. Sheria ya nyambizi ni moja: moto ukiwaka mlango unafungwa, na haufunguliwi kwa anayegonga, hata awe nani. Rodion alivishwa nishani. Mkewe hakuwahi kuigusa.

Walipofika chumba cha sita, moshi ulikuwa ukipenya ukingoni mwa mlango. Harufu ya mpira... na ya nywele zilizoungua.

Ngo. Ngo. Ngo.

"Foma," Zakhar akasema, akaukimbilia mlango.

"Shemeji..." sauti ilinong'ona nyuma ya chuma. "Fungua. Kuna mtu huku."

Sauti ile Rodion aliijua. Ilikuwa ya Lyonka. Akamtangulia Zakhar, akaukamata wenzo kwa uzito wake wote.

"Usifungue. Huyo si kaka yako."

"Una wazimu wewe? Toka hapo."

Zakhar alimtwanga ngumi ya pua. Rodion akachomoa spana ukutani, akamtandika nayo mdomoni, meno yakamwagika. Zakhar akarudi kwa magoti, akamng'ata mkono hadi mfupani. Rodion akampiga tena, begani, kisha kichwani, mpaka akalala. Muda wote huo mlango uligongwa, mbio mbio, halafu polepole...

Kimya.

Wazimamoto ndio waliokuja kuufungua. Foma alikuwa mwisho kabisa wa chumba, hatua ishirini kutoka mlangoni, miguu imebanwa na bomba lililoanguka. Moshi ndio uliomuua, daktari alisema, na si muda mrefu uliopita. Angefikiwa mapema angepona. Mikono yake haikuwa na mchubuko hata mmoja.

Lakini mlango, kwa ndani, ulikuwa umejaa alama za ngumi, zenye damu ambayo bado ilikuwa mbichi.

"Nani alikuwa anagonga?" Zakhar aliuliza kwa mdomo uliopasuka, amelazwa kwenye machela.

Rodion akageuka kuutazama mlango. Sasa alikuwa ameelewa: Lyonka hakuwa akiomba kufunguliwa yeye, bali Foma. Harufu ya nywele zilizoungua ikamjia tena, safari hii karibu na sikio.

"Umerudia, shemeji."