Mapipa Mia Mbili Yaliyoibwa Juma Kuu

Kufuli lilikatwa, likaachwa sakafuni. Upande wa kaskazini wa ghala, mahali palipodaiwa kuwa na mapipa mia mbili ya jibini, palikuwa patupu.

Inspekta Vaya Tsiouki alijifanyia ishara ya msalaba. Hakuweza kutulia. Mlinzi wa ghala, mzee Zisis, alikuwa mahabusu hapa mjini Larisa, Ugiriki, na adhuhuri angefikishwa kwa mwendesha mashtaka.

"Mwizi ni yeye," alisema Leandros Kapsis, meneja wa fedha wa kampuni ya jibini, aliyeletwa kutoka Athene. "Zamu ilikuwa yake. Karibu andazi la jibini, Inspekta, bado la moto."

"Nimefunga."

"Kumbe hata polisi mnafunga?"

"Hasa polisi."

Vaya alizunguka ghala, akarudi, akazunguka tena.

"Afande, utatoboa sakafu," Sajini Achilas alinung'unika.

Vaya akasimama. "Sakafu! Hebu sogeza pipa lile."

Chini ya pipa palikuwa na duara jeupe. Mapipa ya mbao huvuja maji ya chumvi yanayohifadhi jibini, na chumvi huganda kwenye saruji. Vaya akaenda upande wa kaskazini, akachuchumaa, akapitisha kidole. Vumbi tupu. Hakuna duara hata moja.

"Piga picha, Sajini. Chukua na sampuli."

Kisha akamgeukia meneja. "Yaliyoibwa yalitengenezwa lini?"

"Oktoba."

"Una hakika?"

"Kabisa. Ghala lilihesabiwa Septemba. Hayo yaliingia baadaye."

"Kwa maziwa gani?"

"Ya kondoo, bibi. Ulitaka ya simba?"

Achilas aliangua kicheko, lakini aliyemcheka ni meneja, si Inspekta.

"Kaka yangu," Vaya alisema, "mimi ni mtoto wa wachungaji. Oktoba kondoo wa huku wana mimba. Umkamue, umbembeleze, umwimbie, hatoi tone. Mapipa hayo hayajawahi kuwepo. Sasa niambie, mkasi wa chuma uliokata kufuli uko kwenye gari lako, au tukautafute nyumbani, mbele ya watoto?"

Leandros akaketi juu ya pipa. Andazi likamponyoka.

"Uko kwenye gari."

"Kwa nini?"

"Wachambuzi wa soko la hisa walitabiri faida ya senti kumi na nane kwa kila hisa. Tulipata kumi na saba. Mwaka juzi tulipungukiwa hivyo hivyo. Hisa zikaporomoka, na aliyenitangulia akafukuzwa kabla ya chakula cha mchana. Nikaandika kwenye hesabu mapipa ya ziada yasiyokuwepo. Jibini likiwa bado ghalani, gharama yake haikatwi kwenye faida. Nilidhani nitaziba pengo baadaye. Sasa wakaguzi wa hesabu wanakuja kesho kuyaona kwa macho."

"Ukahitaji mwizi."

"Nilihitaji yapotee tu!"

"Jina la Zisis ulinipa wewe. Hata sikukuuliza."

Kituoni, akiwa na pingu, Leandros bado alijitetea. "Senti moja, Inspekta! Nani ameumia?"

Vaya akampa kisogo. Kwenye benchi mzee Zisis alikuwa amerudishiwa mkanda na kamba za viatu. Alikuwa akijaribu kuzipitisha, lakini kila mara alikosa tundu.

Inspekta akapiga magoti mbele yake, akashika kiatu.

"Acha, binti yangu. Wewe ni mkubwa hapa."

"Tulia, baba," alisema Vaya, akivuta kamba. "Lete na mguu wa pili."