Futi Moja ya Mninga

Sedekia fundi seremala alikuwa mtu wa kucheka. Hilo lisemwe mapema, maana waliomjua baadaye hawaamini. Mwaka 1957 karakana yake pale Mbeya haikukauka watu: huyu kaleta kiti kilichovunjika, huyu kaleta umbea. Yeye huku anapiga randa, huku anatania, nyusi zimejaa vumbi la mbao hadi akaonekana mzee kuliko baba yake.

Jumamosi moja ya mwezi wa nane, baridi ikiuma masikio, marafiki watatu walipakia mitumbwi mitatu kwenye lori. Mitumbwi yenyewe ilikuwa kioja. Mzungu mmoja wa shamba la pareto alikuwa amemletea Sedekia mtumbwi wake autengeneze, kitu chembamba cha mtu mmoja, mbavu za mbao zilizovishwa turubai. Unakaa ndani umenyoosha miguu, mgongo umeegemea ubao, nyayo zimekanyaga ubao mwingine. Sedekia aliutengeneza, akachora vipimo vyake kwenye mfuko wa saruji, na mwenyewe alipouchukua tu, akaanza kuunda mitatu ya kwao. Anyitike, fundi cherehani, rafiki yake tangu darasa la kipaimara, ndiye aliyeshona maturubai, na sindano nne zikamvunjikia. Philbert, Mhehe wa Iringa, dereva wa lori, alitoa lori na maneno.

"Wewe Mhehe," Anyitike alimchokoza, "maji makubwa uliyoyazoea ni ya bakuli la kunawa."

"Ndiyo maana naendesha lori, siendeshi bakuli," alijibu Philbert.

Kilichowatia wazimu zaidi ni mshipi mpya. Dukani kwa Mhindi kulikuwa kumeingia uzi wa nailoni, mwembamba, unang'aa, hauozi. Anyitike aliushika juani, akausogeza mbele ya macho. "Samaki hatauona huu," alisema. "Hata mimi siuoni." Waliukata vipande vitatu, na Sedekia akaupaka alama za rangi kila pima moja ili wajue kina cha maji. Wa Philbert aliutia nyeupe, wake bluu, na wa Anyitike nyekundu.

Basi walikuwa na furaha. Ila mmoja wao alikuwa na jambo.

Wiki sita kabla ya hapo alifariki Mzee Jailos, baba yake Anyitike. Alikuwa mrefu, akiingia kanisani huinama mlangoni. Familia ilinunua mninga safi kutoka Chunya na kumkabidhi Sedekia atengeneze jeneza. Mafundi wa huko walikuwa na desturi yao. Maiti hupimwa kwa mwanzi, mwanzi ule hukatwa urefu wake sawasawa, na siku ya kuzika hulazwa ubavuni mwake aende nao. Mbao zinazobaki hurudishwa kwa wafiwa, zikachomwe kwenye moto wa matanga. Fundi habaki na kitu, hata kipande cha kuwekea chungu.

Sasa, mtumbwi wa tatu ulikuwa umekosa mbao mbili, ule ubao wa kuegemea na ule wa kukanyagia. Miti laini aliyokuwa nayo ilipasuka kila alipoipigilia. Mninga ule ulikuwa mbele yake, mwekundu, unanukia. Angeomba angepewa, Anyitike asingemnyima. Lakini kuomba mbao za matanga kwa ajili ya mchezo ni aibu, na Sedekia aliogopa aibu kuliko dhambi. Akalipunguza jeneza futi moja.

Aliwaomba ndugu watoke nje, akisema ni kazi ya fundi. Akamkunja marehemu magoti, akamlaza ubavu kidogo, akatandika shuka juu vizuri. Mwanzi haukuenea. Akauvunja, kipande cha futi moja akakitupa kwenye jiko alilochemshia gundi, akasimama akakitazama kikiungua mpaka kikawa majivu. Makaburini Anyitike alimshika mkono kwa mikono miwili. "Umemsitiri baba yangu, ndugu yangu," alimwambia. "Sitakusahau."

Maneno hayo yalikaa kifuani mwa Sedekia kama mwiba wa samaki kooni.

Lori liliteremka siku nzima kutoka kwenye baridi hadi kwenye joto la bonde la Rukwa. Ziwa lile lina maji ya chumvichumvi, ya magadi, maana mito inaingia na hakuna unaotoka. Ukiyanywa, kiu inakuzidi. Walilala kambini kwa wavuvi, na Jumapili, wakati wenzao wakiwa ibadani, wao waliingiza mitumbwi majini. Wavuvi waliwacheka sana. Mmoja aliuliza kama hayo ni maboti au ni maboga.

Sedekia alipanda ule wa mninga. Ulikuwa mzuri kuliko yote, na alikuwa ameuunda kwa ajili yake. Akapiga kafi, mtumbwi ukateleza juu ya maji, akasahau kila kitu. Alipofika mahali pa pima nne alitia chambo, akateremsha ndoana, akajiegemeza.

Kitu kikamgusa mgongoni.

Vilikuwa vitu viwili, vigumu, vya mviringo, vimekaa sambamba nyuma ya ubao wa kuegemea. Alifikiri ni turubai limejikunja. Akapeleka mkono nyuma, akapapasa. Hakukuwa na kitu. Akaegemea tena, navyo vikarudi pale pale, kimoja kushoto, kimoja kulia. Ndipo alipovitambua. Ni magoti ya mtu.

Yalimsukuma. Polepole, kama mtu aliyebanwa kwenye kiti cha kanisa anavyomsukuma jirani yake.

"Nipishe," sauti ilisema sikioni mwake. "Ninyooshe."

Sedekia hakugeuka. Alipiga kafi hadi ufukweni, na mshipi wake wa bluu aliusahau ukiburuta nyuma. Alishuka, akakaa mchangani.

Hapo ndipo alipopaswa kusema. Hapo hapo, kabla ya lolote. Kila alipoisimulia habari hii uzeeni, akifika hapa alisema, "Mkosi ungeishia pale."

Anyitike alikuja akivuta mtumbwi wake, umejaa maji, naye amelowa hadi kiunoni. "Mshono wangu mwenyewe umenisaliti," alisema huku akicheka. "Vipi wewe, umechoka mapema hivi?"

"Mgongo," alisema Sedekia. Akautazama mtumbwi wa mninga, akamtazama rafiki yake. "Chukua wangu. Nitauziba huo wako, nitakufuata."

"Wako mpya kabisa?"

"Chukua tu."

Anyitike alipapasa ule ubao mwekundu. "Mbao nzuri. Kama ile ya tata." Tata ni baba, kwa Kinyakyusa. Sedekia aliinama akajifanya anatafuta lami ya kuzibia.

Saa saba mchana ziwa lilitulia tuli. Philbert alikuwa mbali kwenye matete, anapiga mluzi. Sedekia alikuwa ameingia majini tena kwa mtumbwi uliozibwa, pima kumi hivi kutoka kwa Anyitike. Alijiambia kwamba lilikuwa jua tu. Alijiambia hivyo mara nyingi. Anyitike alikuwa ameshapata samaki sita aina ya gege, mshipi wenye alama nyekundu ameuzungusha kwenye kifundo cha mkono, anaimba tenzi kwa sauti ya chini.

Akaacha kuimba.

"Fundi," alinong'ona.

"Nini?"

"Kuna mtu nyuma yangu."

Sedekia aliangalia. Nyuma ya Anyitike hapakuwa na mtu. Lakini mtumbwi ulikuwa umezama kwa nyuma, maji yamekaribia ukingo, kama umebeba wawili.

"Jua limekupiga. Turudi."

"Ni tata." Uso wa Anyitike ulikuwa umelowa jasho. "Anasema miguu inamuuma. Anauliza ni nani aliyemkunja."

"Usimjibu."

"Nimwambie nani, Sedekia? Wewe ndiye uliyemlaza. Alikunjwa?"

Jibu lilikuwa mdomoni. Lilikuwa jina moja tu, jina lake mwenyewe, alilobatizwa nalo. Alifungua kinywa. Akaona macho ya Anyitike, yale yale ya siku ya kuzika, yenye shukrani. Akafunga kinywa.

Mluzi wa Philbert ulisikika kwa mbali. Anyitike alisubiri. Kisha akainamisha kichwa kidogo, kama anavyofanya mtoto mbele ya mkubwa wake.

"Tata, ni mimi," alisema. "Mimi ndiye niliyeagiza jeneza. Nisamehe mimi. Nyoosha."

Ubao wa kukanyagia ukalia. Ta!

Mtumbwi ukaenda chini kwa mbele, wima, kama droo inayosukumwa mahali pake. Maji hayakuruka. Anyitike hakupiga kelele. Mshipi ulimfuata, ukateleza juu ya maji, alama nyekundu moja, nyingine, nyingine, mpaka ya mwisho. Ziwa likatulia.

Mtumbwi uliibuka baadaye, mtupu, turubai halina mchubuko. Anyitike hakuibuka. Walimtafuta siku tatu. Wavuvi walisema ni mamba, na Sedekia akaitikia: ndiyo, mamba. Philbert ndiye aliyeokota ule ubao wa kukanyagia, uliong'oka na misumari yake. Mninga ni mbao ngumu, lakini ulikuwa na mashimo mawili yaliyobonyea, ya visigino vikubwa.

"Huu umepigwa teke," Philbert alisema taratibu. "Na mguu huu, bwana, si wa Anyitike. Huu ni wa mtu mrefu."

Hakusema zaidi. Siku aliyoliondoa lori Mbeya kurudi Iringa, hakuja kuaga.

Mama yake Anyitike, Damari, hakumlaumu mtu. Hilo lilimuumiza Sedekia kuliko tusi. Mama yule alimpikia hata ndizi. Mwezi ulipokwisha alimwita. "Fundi, mwanangu hana kaburi," alisema. "Nitengenezee msalaba, tuusimike miguuni pa baba yake. Wewe ndiye ndugu yake."

Wakaenda makaburini wawili tu, asubuhi, ukungu bado umekaa kwenye migomba. Sedekia alichimba shimo la msalaba. Udongo ulikuwa mkavu, mvua hazijanyesha tangu mwezi wa tano. Alipofika kina cha mkono, jembe likaleta tope. Akainama achote kwa kiganja. Kitu chembamba kikamkata kidole.

Kilikuwa uzi. Aliusogeza mbele ya macho, akauona kwa shida. Ulikuwa na alama nyekundu.

Mama alikuwa amesimama nyuma yake, mikono kifuani. Angeweza kuufukia. Aliwaza hivyo, hakuficha baadaye kwamba aliwaza hivyo. Lakini mkono wake ulikuwa umeshaanza kuvuta, na uzi ulikuja, pima moja, pima mbili, umelowa. Kwenye pima ya tatu kulikuwa na kitu kimefungwa.

Kilikuwa kipande cha mwanzi cha futi moja. Upande mmoja kimekatwa kwa msumeno, upande mwingine kimevunjwa kwa mkono. Hakikuwa na alama ya moto popote. Sedekia alikigusa kwa ulimi, kwa sababu ambayo hakuijua. Kilikuwa na chumvi.

"Ni nini hicho, fundi?" aliuliza Damari.

Sedekia alipiga magoti kwenye tope. "Ni miguu ya mumeo, mama," alisema. Na akamwambia yote, jeneza, mbao, mtumbwi, akilia kama mtoto, bila kujitetea hata kwa neno moja.

Damari alisikiliza mpaka mwisho. 

"Mwanangu alikuuliza?" alisema.

"Aliniuliza, mama."

"Ukamjibu nini?"

Kabla hajafungua kinywa, uzi mkononi mwake ukakaza. Ulivutwa kutoka chini, taratibu, ukatulia. Ukavutwa tena. Kama mtu anayesubiri kujibiwa.

"Ni mimi," Sedekia alisema kwenye shimo. "Anyitike, ni mimi."

Uzi ukalegea. Damari naye aliuona. Akaushika msalaba ambao ulikuwa haujasimikwa, akafunga macho.

Sedekia aliungama mbele ya kanisa Jumapili iliyofuata, akarudisha zile mbao mbili, zikazikwa. Hakuunda tena jeneza. Mpaka anakufa alilala amekaa, ameegemea ukuta, kwa sababu kila akinyoosha miguu kitandani ilikuta miguu mingine.

Msalaba bado upo. Chini yake uzi umetokeza, na ingawa hakuna anayeuvuta, unazidi kutoka. Mafundi wa siku hizi huwaonyesha wanafunzi wao kama onyo. Wakati wa kukata mshipi, Anyitike alipata pima thelathini, yaani alama thelathini. Masika yaliyopita alama nyekundu zilizokuwa juu ya udongo zilihesabiwa zikawa arobaini na moja, na ile ya mwisho rangi yake ilikuwa bado mbichi.