Aliyerudisha Sindano

Nilikuwa nakunja turubai za mwisho, nifunge kibanda changu hapa sokoni Matinyani, ndugu yangu Kiilu alipofika na lile gari lake.

Gari jekundu, lenye paa la kitambaa, lile la kufunguka juu. Alilinunua upande wa Makindu, kwa bei rahisi mno. Tangu siku hiyo alikuwa amekonda, macho yamezama. Nilidhani ni kazi nyingi.

"Dadangu, nishonee hapa kabla hujaenda."

Paani, nyuma ya kiti cha dereva, palikuwa na mpasuko. Mdogo. Urefu wa kidole.

"Hii ni ya gundi," nikamwambia. "Naweka kiraka kwa ndani, kesho unachukua."

"Sitaki gundi. Shona kwa mkono. Leo."

"Wewe umekuwa fundi lini? Hata kifungo cha shati unapelekea mama!"

Hakucheka. Kiilu, ambaye hucheka hata matangani.

Nikatafuta mkasi wangu kwenye msumari wake. Haukuwepo.

"Si una meno?" akasema kwa sauti ya chini.

Ananijua. Tangu utotoni, mama akitufundisha kushona magunia, mimi nalowesha uzi kwa mate na kuukata kwa meno. Mama alinigombeza sana. Mate yako ni wewe mwenyewe, alisema, usiyaache kwenye vitu vya watu. Nilidhani anazungumzia usafi.

Kitambaa kinene hivi hushonwa na watu wawili. Mmoja nje, anatia sindano. Mwingine ndani, anairudisha. Kiilu akaingia, akafunga mlango.

Nikalowesha uzi. Nikatia sindano.

Tuk. Ikarudi.

Nikatia.

Tuk. Ikarudi.

Tulienda hivyo bila maneno, mwendo mmoja, kama enzi za magunia. Karibu niimbe.

Kisha ikaja harufu... Mchanga wa mto uliolowa, na mvua hatukuwa tumeiona kwa muda mrefu. Ilitoka kwenye mpasuko, moto kama pumzi. Kitambaa kikapanda. Kikashuka. Kikapanda.

"Kiilu, mbona unahema hivyo?"

Tuk.

Safari hii sindano ilirudi ikiwa baridi kama barafu. Nikaharakisha. Nikapiga fundo, nikainama, nikakata uzi kwa meno. Ndipo nilipoinua macho.

Kiilu alikuwa ng'ambo ya barabara.

Amesimama kando ya duka la Mama Nthiwa, amenipa mgongo, mikono masikioni. Mlango wa upande wa pili wa gari ulikuwa wazi.

Nikachungulia ndani.

Viti vitupu.

"Kiilu! Nani alikuwa ananirudishia sindano?"

Akaja polepole. "Umekata kwa meno?"

"Nimekuuliza nani!"

"Umekata kwa meno, Katunge?"

"Ndiyo."

Akapiga magoti vumbini akalia, kilio cha mtu aliyetuliwa mzigo. Alipoinama, kitu kikaanguka kutoka mfukoni mwake.

Mkasi wangu.

"Nilikuwa silali," akanong'ona. "Kila jioni kitu kinakaa nyuma yangu humo garini. Kinanipumulia shingoni. Nilimwendea mtu fulani, akapasua hapo kwa wembe. Akasema kitamhamia atakayepaziba kwa mate yake. Lazima awe wa damu yangu."

"Na ukanichagua mimi."

"Mama ni mzee, dadangu."

Alisema hivyo kama mtu anayetoa sababu nzuri.

Asubuhi nilikuta mkono wa sweta yangu umepasuka. Urefu wa kidole. Nikaichoma sweta hiyo. Nguo niliyovaa baadaye ikapasuka palepale.

Sijaishona.

Kiilu amenenepa. Jumapili yeye ndiye anayeongoza nyimbo za sifa kanisani, anapiga makofi, anarukaruka. Na mama, asiyejua lolote, kila tukitoka ibada alikuwa akinishika mkono.

"Katunge, fundi mzima unatembea hivi? Lete nikushonee."

Juzi, baada ya ibada, alikuja na sindano yake kwenye leso. Macho yake siku hizi hayaoni vizuri, kwa hiyo akaupeleka uzi mdomoni.

"Mama, si ulitukataza?"

"Kwa mtoto wangu haidhuru."

Kiilu alikuwa nyuma yake. Akanitazama, midomo ikacheza bila sauti...

Mwache ashone.

Nikamnyang'anya mama sindano mbele ya wazee wa kanisa. Nikavunja uzi, nikautupa. Mama alilia. Anasema nimekuwa mtu mwingine, na tangu siku hiyo hazungumzi nami. Kiilu ndiye anayemfariji.

Jua likizama, naisikia ile pumzi ya moto shingoni. Halafu kidole kinaingia kwenye mpasuko wa nguo yangu, taratibu, kikipapasa kingo zake. Kinapima.

Jana viliingia viwili.